Corvette ya zamani Unguja: ikisumbua uanzie wapi

Haya, ushainunua. Corvette ya zamani, ile gari ya spoti ya Chevrolet ya Marekani yenye mabega makubwa na kiuno chembamba, ya kati ya 1968 na 1982, usukani kushoto, V8 mbele, bodi faiba tupu. Watu wanakusimamisha Michenzani wapige nayo picha na wewe unachekelea, lakini ukirudi nyumbani taa moja imebaki wazi, geji ya joto inasoma 210, breki leo zimeingia chini kuliko jana, na fundi wako kashakwambia dawa yake ni kuling'oa hilo dude muweke injini ya Kijapani. Usikubali kwanza.

Kesi nyingi za gari hizi hapa kwetu si injini. Ni hewa inayovuja pahala isipotakiwa, au waya wa ethi ulioshika kutu, au chumvi imekula kitu usichokiona. Injini yenyewe, ile 350 ya Chevrolet ambayo ni lita 5.7, ni ngumu kweli, imetiwa kwenye mapikapu na magari ya kila aina kule Marekani na spea zake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kuwa fundi wa huku kazoea Toyota, na kwenye Toyota bodi ni chuma, ukikaza waya wowote kwenye bodi ushapata ethi. Hapa bodi haipitishi umeme kabisa, kwa hiyo kila taa na kila geji ina waya wake wa kurudishia umeme mpaka kwenye chuma, na ukimwachia fundi anaekaza nati kwenye faiba halafu anashangaa mbona taa haiwaki, mtamaliza siku nzima hapo.

Na kabla hujamuachia mtu yeyote aiguse, nunua spana za inchi. Usiseme 13 itaingia kwenye nusu inchi, nusu inchi ni milimita 12.7, itaingia kweli lakini bolti ya miaka arobaini iliyokaa kwenye hewa ya chumvi itakatika pembe zote na hapo ndo utajua bei ya kuchimba bolti. 9/16 ndo balaa zaidi, 14 haiingii na 15 inacheza. Pata 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8, hizo nne ndo utazishika kila mara.

Taa za mbele hazipandi, au moja inapanda nyengine inalala

Hii ndo dalili ya mwanzo kwa karibu kila mtu na ndo mafundi wa umeme wanapopotea. Zile taa hazinyanyuliwi na mota. Zinanyanyuliwa na vakyumu, yani ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ikiwa inafanya kazi. Mvuto unatoka kwenye injini, unapita kwenye valvu ya njia moja, unakwenda kwenye tangi la kuhifadhia, halafu kwenye swichi ya taa, halafu kwenye rilei mbili za hewa, moja kila upande, na mwisho kwenye vile vidumu viwili vinavyosukuma taa juu na chini. Vyote hivyo vimeunganishwa na vimpira vyembamba, na vimpira vya miaka hiyo kwa joto la huku vimeshakuwa vigumu, ukivikunja vinavunjika kama biskuti.

Sasa usinunue kitu, fanya hivi. Washa injini iache dakika chache, halafu izime, halafu vuta swichi ya taa. Zikipanda vizuri na injini imezimwa basi tangi na valvu ya njia moja vizima. Zikipanda injini ikiwa inawaka tu na ukizima hazina nguvu, tangi linavuja au ile valvu imekufa, na valvu ni kitu cha bei ndogo, anza nayo. Zote mbili zikiwa nzito hata injini ikiwaka, tatizo liko kabla hewa haijagawanywa: kimpira kikuu, swichi, tangi. Ikiwa moja tu ndo mvivu, tatizo ni la upande ule, rilei yake au kidumu chake, na vidumu vinapenda kuvuja pale mbele fimbo ya kusukumia inapotokea kwa sababu ile sili ya mpira imekauka. Ukitaka uhakika hamisha vimpira vya upande ulio mzima uvitie kwenye kidumu cha upande mbovu, ikipanda basi kidumu kiko sawa na ubovu uko nyuma yake kwenye rilei.

Sikiliza pia. Injini ikiwa silensa, yani inawaka bila kukanyagwa moto, usiku kimya weka sikio karibu na pua ya gari, ukisikia mlio wa kunyonya sssss basi ushapata. Chukua vimpira kimoja kimoja ukibane na koleo taratibu, silensa ikibadilika ukikibana kimoja, uvujaji uko mbele ya hapo.

Watu hawajui hili pia, kuwa kuvuja kwa taa kunaharibu na silensa. Ile hewa inayoingia kwenye mfumo wa taa inaishia kwenye injini, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka, na fundi anaanza kufungua kabureta ambayo haina kosa lolote. Injini nzima ya aina hii ikiwa silensa geji ya vakyumu inasoma kama inchi 17 mpaka 21 na mshale umetulia. Geji yenyewe si ghali, inunue. Ikisoma 12 au mshale unachezacheza, usiguse kabureta mpaka umemaliza kufata vimpira vyote, na usisahau ule mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki.

Kuna na kitufe cha dharura chini ya usukani cha kunyanyua taa bila kuziwasha, kizuri ukiwa unaosha gari. Vakyumu ikiisha kabisa na uko njiani usiku unatoka Paje, zima injini, zinyanyue kwa mkono pole pole, uende nazo zikiwa juu mpaka nyumbani.

Ushazipata zinapanda? Basi bado. Watu wanakupigia honi na kukuwashia taa kila unapopishana nao, si kwa sababu wamependa gari. Taa za Marekani zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kulia, pembeni mwa njia kwao, na sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo kulia ndo kuna macho ya dereva wa daladala anaekuja. Kuzishusha hakutoshi. Zile ni taa nne za duara za inchi 5 na robo tatu, badilisha zile za mwanga wa kawaida uweke za nchi zinazoendesha kushoto.

Inachemsha

Kwanza tizama geji vizuri. Ile inasoma Farenhaiti. 210 ni kama 99 kwa selsiasi, na rejeta yenye mfuniko mzima wa psi 15 maji yake hayachemki mpaka karibu 120. Kwa hiyo 210 kwenye foleni ya Darajani mchana wa kaskazi si ajali. Ikipanda 230 na inaendelea, hapo ndo usimame. Na geji nayo inadanganya, ikiwa ethi ya dashibodi mbovu mshale unakwenda unakotaka, ukiona joto linapanda kila unapowasha taa au indiketa basi hilo si joto, huo ni umeme. Kile kipimajoto cha kuelekezea, cha bastola, kielekeze pale inapokaa thamostati, ile valvu inayofungulia maji yakipata moto, kitakwambia ukweli.

Ikiwa ni joto la kweli, swali ni moja tu: inachemsha wakati gani?

Inachemsha ukiwa umesimama au unatambaa, lakini ukishika njia inapoa, hiyo ni feni. Gari hizi nyingi zina feni ya kwenye injini yenye klachi katikati. Injini ikiwa moto na umeizima, ijaribu kwa mkono kuizungusha, inatakiwa iwe nzito, ikizunguka tatu nne bila kujali basi klachi imekufa. Halafu tizama kava la feni, lile plastiki linalozunguka feni, watu wengi wanakuta fundi kalitoa zamani kwa sababu lilikuwa linamzuia mkono. Bila kava feni inavuta hewa ile ile ya ndani ya boneti inaizungusha. Na kitu cha tatu ambacho mtu hakifikirii ni taimingi. Kwenye distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, kuna kidude cha vakyumu kinachosogeza mbele taimingi, yani wakati wa cheche kupiga, na kwenye baadhi ya gari hizi hata injini ikiwa silensa, kimpira chake kikitoka au kikipasuka injini inachoma mafuta kwa kuchelewa na joto lote linakwenda kwenye hedi na ekzosi. Hewa tena.

Inachemsha ukiwa kwenye mwendo, mfano unakwenda Nungwi na baada ya Mahonda geji inaanza kupanda, hiyo ni maji au ni njia ya hewa. Na hapa Corvette ina siri yake. Tizama pua yake, hakuna grili ya maana, gari hii inavuta hewa kutokea chini. Kuna mdomo wa plastiki chini ya pua unaosukuma hewa juu kwenye rejeta, ukiwa haupo hewa inapita chini ya gari inakwenda zake. Na kwa matuta ya Unguja yalivyo huo mdomo ndo wa kwanza kung'oka, utakuta mtu kabadilisha rejeta, kabadilisha wotapampu, kabadilisha kila kitu, na mdomo hana, tena aliutoa mwenyewe kwa sababu unakwaruza. Urudishe. Uupite tuta kwa upande, gurudumu moja moja. Pia kuna sponji zinazoziba nafasi baina ya rejeta na bodi, juu na pembeni, zikioza hewa inapitia pembeni ya rejeta badala ya ndani yake, unaweza kuziba kwa sponji yoyote ngumu ya kukata kwa kisu.

Mdomo upo, sponji zipo, bado, basi rejeta imeziba. Maji ya kisima ya huku yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, na mtu kamimina maji ya bomba miaka bila ya kulanti. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi utizame ndani, ukiona unga mweupe au matope ya rangi ya chai, tena usijiulize. Peleka ikasafishwe au ibadilishwe, halafu kuanzia hapo maji yasiyo na chumvi na kulanti nusu kwa nusu. Mtu atakwambia kulanti ni ya nchi za barafu. Mwache. Kulanti inazuia kutu.

Tizama na hozi ya chini ya rejeta, mtu apige resi na wewe uitizame kwa mbali na feni, ikijibana inanyonywa ndani basi maji hayapiti. Na thamostati usiitoe ukaitupa kama kila fundi wa Zanzibar anavyopenda kufanya. Ya kiwandani kwa gari nyingi za miaka ya sabini ni ya 195, yani kama 90 selsiasi. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni uitizame, inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa karibu na kuchemka, haifunguki nunua nyengine. Ukiitoa kabisa injini inakaa baridi njiani, inakunywa mafuta, na siku ukikwama kwenye foleni inachemka vile vile. Wenzetu wa Pemba wenye vile vilima baina ya Chake na Wete nyinyi ndo musijaribu kabisa kupanda na rejeta ya nusu nusu.

Haipigi stata, au ikipata moto haitaki kuwaka

Betri iko nyuma ya kiti, upande wa dereva, ndani ya kisanduku chini ya kapeti. Usiitafute kwenye boneti. Maana yake waya wa kwenda stata ni mrefu, na waya wa ethi unakwenda kwenye fremu chini, ambako kuna maji ya njia na chumvi. Halafu kutoka fremu kuna waya mwengine wa kwenda kwenye injini. Popote hapo pakishika kutu gari inasema tak, tak, halafu kimya, na wewe unanunua betri mpya, na wiki ya pili tak tena.

Mita ndo dawa. Weka volti DC, ncha moja kwenye negativu ya betri yenyewe, ncha nyengine kwenye chuma kisafi cha injini, mwambie mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani kwenye ethi. Fungua kila kiungio, msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, halafu paka grisi juu yake. Fanya hivyo hivyo upande wa pozitivu mpaka stata. Ikiwa pande zote ziko sawa na gari haipigi ikiwa ya moto tu, ikipoa inapiga, basi ni stata yenyewe inaokwa na ekzosi iliyo ubavuni mwake, itie kinga ya joto au nunua zile stata ndogo za kisasa, zinavumilia zaidi.

Umeme wa kichekesho nao ni hapa hapa. Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa ya breki inapepesa, ukikanyaga breki redio inazima, taa za nyuma hafifu kama kibatari, usibadilishe taa wala fyuzi, fata waya mweusi wa kila taa mpaka mwisho wake kwenye chuma. Na chaji ukiipima injini ikiwaka kwenye betri isome baina ya 13.8 na 14.5.

Inamisi, inazima

Wakati wa masika gari inawaka asubuhi kwa taabu, inatetemeka, jua likipanda inakuwa nzima. Hiyo ni unyevu kwenye kifuniko cha distributa. Fungua boneti usiku kwenye giza injini ikiwaka, usiguse kitu, utaona vicheche vya buluu vinatembea kwenye waya za plagi, hapo hapo ndo pabovu. Badilisha waya zote nane pamoja na kifuniko na rota, usibadilishe mmoja mmoja. Mpango wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, distributa inazunguka kufata saa, silinda za kushoto ukiwa umekaa kwenye gari ni 1-3-5-7 kuanzia mbele na za kulia 2-4-6-8. Andika kwenye kikaratasi ubandike ndani ya boneti, maana kila fundi atakwambia anajua. Na waya wa 5 na wa 7 usiulaze pamoja. Silinda hizo zimekaa jirani na zinafatana kuwaka, cheche ya mmoja inaruka kwa mwengine, gari inamisi na plagi zote ni mpya.

Ikiwa gari inakwenda vizuri, inapata moto, inazima ghafla kama umezima swichi, unasubiri nusu saa inawaka kama haijafanya kitu, basi kwa gari za kuanzia 1975 mtuhumiwa wa kwanza ni moduli ya ndani ya distributa, ule mfumo wa cheche za elektroniki unaoitwa HEI. Ni kidude kidogo, kimekaa kwa skrubu mbili, na chini yake lazima kipakwe ile grisi nyeupe ya kupitisha joto, mtu asiepaka kinamfia tena. Kaa nacho kimoja kwenye gari siku zote. HEI inataka volti 12 kamili, kwa hiyo kama mtu kabadilisha distributa ya platini akaweka ya HEI lakini kaacha ule waya wa zamani unaopunguza umeme, itawaka lakini haina nguvu na inazima zima ovyo.

Gari yako ikiwa ya 1981 ina kabureta inayoongozwa na kompyuta na ya 1982 haina kabureta, ina sindano mbili za mafuta. Hizo kimpira kimoja kikivuja kompyuta nayo inachanganyikiwa, hivyo vimpira kwanza kuliko zote.

Harufu ya petroli na moshi mweusi

Nyingi zina kabureta ya Quadrajet, mashimo mawili madogo mbele na mawili makubwa nyuma, na mafundi wanaiogopa bure. Floti yake, kile kidude kinachoelea ndani na kufunga mafuta yakijaa, ni ya kitu kama sponji ngumu, sio shaba, na kwa miaka inanyonya petroli, inakuwa nzito, haifungi nido, mafuta yanafurika. Ndo moshi mweusi na harufu. Floti mpya na kifurushi cha gasketi, kwisha. Ukizima gari mchana ukarudi baada ya dakika kumi haiwaki na inanuka, imekunywa mafuta kwa joto, kanyaga moto mpaka chini uushikilie usipige piga, halafu stata. Kuna kichujio kidogo ndani ya nati kubwa pale bomba la mafuta linapoingia kwenye kabureta, hakuna anaejua kipo, na tangi la zamani likiwa na kutu ndo kinachoziba, gari inakwenda vizuri pole pole lakini ukiibana inakata.

Harufu ikiwa ndani ya gari na kabureta iko kavu, shuka chini ukatizame mipira ya mafuta karibu na tangi nyuma. Hii usiiendeshe mpaka ushajua.

Breki zinaingia chini

Hapa nisikilize vizuri. Umeiacha wiki mbili tatu umerudi, pedali inaingia chini, unapiga mara mbili inapanda, unatizama chini ya gari hakuna tone la mafuta. Fundi anatoa upepo, zinakuwa nzuri, baada ya mwezi tena. Kila mtu mwenye gari hii anapita hapo.

Sababu yake ni hii. Kila kalipa, ile inayobana diski ya breki, ina pistoni nne ndani ya tundu za chuma cha kawaida, na mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na unyevu wa hewa ya Unguja unaujua. Tundu zinashika kutu ndani, sili inapita juu ya kutu. Hewa inaingia kwa ndani hata kama mafuta hayatoki kwa nje, na ikiwa diski ina pindo kidogo inazipiga piga pistoni kila ikizunguka, inapampu hewa. Kubadilisha sili peke yake hakusaidii kitu. Dawa ni kalipa zilizotiwa bushi za stenlesi ndani, ziagizwe nne kwa pamoja, ni ghali lakini unanunua mara moja. Halafu mafuta ya breki yabadilishe yote kila mwaka.

Na fundi akitoa upepo msimamie, kalipa za nyuma zina skrubu mbili za kutolea upepo kila moja, ya ndani na ya nje. Anaijua ya ndani tu kwa sababu ndo anayoiona, ya nje imejificha mpaka utoe tairi, na upepo unabaki.

Hendibreki nayo ikiwa haishiki usishangae, ni vibreki vidogo vya ngoma vilivyofichwa ndani ya diski ya nyuma na vimeoza. Lakini diski za nyuma za kiwandani zimepigwa ribiti kwenye habu, kwa hiyo kuzitoa ni kazi ya kuchimba, usimruhusu mtu azipige nyundo.

Nyuma inagonga

Ukitia gia inasikika tung, ukiachia moto tung, hizo ni krosi, yani viungo vya shafti za magurudumu ya nyuma, ziko nne. Kwenye gari nyengine krosi ikilegea ni kelele tu. Kwenye hii ile shafti ndo mkono wa juu unaolishika gurudumu, hakuna mkono mwengine, ikikatika gurudumu linalala. Kwa hiyo hii si ya kusema mwisho wa mwezi. Nyanyua nyuma na jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza inaweza kuwa beringi, na beringi za nyuma zimefungwa kwa vipimo vidogo sana, atafutwe mtu wa mashine anaejua kupima, asiwe wa nyundo.

Yale madogo madogo

Redio inapiga kelele ya nyuki inayopanda na resi: fundi katoa lile kava la chuma juu ya distributa akaona ni urembo. Si urembo, bodi ya faiba haizuii mawimbi ya plagi, lirudishe. AC haitoi baridi: gesi yake ya asili ni R-12 ambayo haitengenezwi tena, inabadilishwa kwenda R-134a pamoja na oili na sili, usimimine tu juu ya ile ya zamani. Paa linavuja: raba za vipande viwili vya juu, agiza za mwaka wako kamili. Faiba imepasuka: usimpelekee mnyoosha bodi wa magari, atakutilia pati ya chuma itakayoachia kwa joto, mpelekee mtu wa boti za faiba, wale wanajua kuvua rangi, kuchana ufa na kulaza kitambaa upya. Na usiiegeshe chini ya mnazi, bwana, sina la kueleza hapo.

Mlango haufungi vizuri

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu watu wanaiona ndogo. Mlango umeshuka, lazima uunyanyue ndo ufunge, au kioo cha mbele kimepata ufa wenyewe kutoka kwenye kona ya chini, au mapengo ya mlango kushoto na kulia hayalingani. Unafikiri ni bawaba.

Chini ya faiba kuna fremu ya chuma na juu yake kuna kizimba cha chuma kinachozunguka kioo cha mbele na milango. Faiba haishiki kutu kwa hiyo gari inang'aa mashallah, na ndani kizimba kimekwisha. Maji yanaingia kwenye kona za chini za kioo, yanateremka kwenye nguzo za milango, yanakaa hapo. Toa vile vibao vya plastiki pembeni mwa miguu, umulike na tochi, pekecha na bisibisi. Halafu ingia chini ya gari, tizama fremu pale inapopanda juu mbele tu ya magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya pale, gonga na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema puf na unga mwekundu unaanguka.

Kutu ya juu juu, kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, na kila ukitoka ufukweni ioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Bisibisi ikiingia, simamisha gari hapo hapo. Usikubali kuchomelewa kibati juu ya tobo, bodi lazima inyanyuliwe na kipande kizima cha fremu kikatwe kitiwe kipya, na kwa bei hiyo kaa chini upige hesabu na fremu nyengine iliyotumika kutoka Marekani, mara nyingi ile inakuwa rahisi zaidi hata ukitia na meli.